Je, Wajua kwa Nini Maziwa ya Oti ya Nyumbani Huvutika Kama Mlenda?

Mara ya kwanza nilipotengeneza maziwa ya oti nilifanya kama ninavyofanya nazi. Nililoweka oti usiku kucha, asubuhi nikazitia kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, nikasaga dakika tatu nzima, kisha nikamimina kwenye kitambaa na kukamua kwa nguvu zangu zote mpaka machicha yakabaki makavu. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kinapendeza. Nikakimimina kwenye sufuria ya chai, tangawizi ikiwa imeshatoa harufu, nikangoja kifoke kama maziwa. Hakikufoka. Kilitoa mapovu mazito yanayopasuka polepole, pwa, pwa, na nilipoinua upawa ukafuatwa na uzi mrefu wa ute. Mama akaonja, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, umetupikia chai au uji wa futari?"

Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimekosea mara nne kwenye kazi ya dakika kumi, na makosa yote manne yanatoka kwenye chanzo kimoja: nilizitendea oti kama nazi.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu jina. Kamusi huziita oti shayiri, lakini shayiri yenyewe ni nafaka nyingine, Hordeum vulgare, ile ya kutengenezea bia. Oti ni Avena sativa, nafaka ya nchi za baridi: Uswidi, Finland, Scotland, Kanada, Urusi. Dukani anayetaka oti husema oti, basi nami nitasema hivyo.

Tukirudi kwenye ule ute, vitu viwili ndivyo vinavyouleta. Cha kwanza ni hiki: sehemu kubwa ya punje ya oti, kama asilimia 60, ni wanga. Wanga huo umefungwa ndani ya chembe ndogo mno, ngumu, ambazo maji baridi huzipita bila kuzifanya lolote. Ukikoroga unga kwenye maji baridi ukauacha, utatuama chini na maji yatabaki juu. Lakini joto likifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi, chembe hizo huanza kunyonya maji, zinavimba, zinapasuka, na minyororo ya wanga inatoka nje na kunasana kama wavu. Maji yote yanakamatwa ndani ya wavu huo. Hapo ndipo uji unapoitwa uji, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kusonga ugali kwa maji baridi.

Cha pili ni nyuzi ziitwazo beta-glukani, kama asilimia 3 hadi 5 ya punje. Hizi hazingoji moto. Zinayeyuka hata kwenye maji ya kawaida, na zikishayeyuka hufanya maji yateleze na kuvutika. Kwa hiyo wanga ndio unaoleta uzito, beta-glukani ndiyo inayoleta ule mvutano wa bamia na mlenda. Mimi nilivipata vyote viwili kwenye sufuria moja.

Kuloweka usiku kucha kuliipa beta-glukani saa nane za kuyeyuka kwa raha zake. Maji ya uvuguvugu yaliharakisha kazi hiyo hiyo. Kusaga dakika tatu kulivunja punje mpaka ndani kabisa, tena visu vya blenda vinapozunguka hupasha moto kile kilichomo. Shika jagi baada ya dakika tatu utaona. Na kukamua? Hilo ndilo kosa la mikono iliyozoea nazi. Nazi haina wanga wa kutisha. Weupe wa tui ni matone madogo ya mafuta, na kadiri unavyokamua kifumbu ndivyo tui linavyotoka zito na tamu. Oti ukizikamua hivyo, unachosukuma kupita kwenye kitambaa ni tope la wanga, ambalo linangoja tu kuona moto.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye pakiti. Oti tunazonunua zimeshapikwa nusu. Oti zina mafuta kuliko nafaka nyingi, na ndani ya punje mnamo kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ndani ya chakula, ambacho punje ikishapondwa huanza kuyavunja mafuta hayo, oti zikawa chungu na kunuka uvundo wa mafuta ya zamani. Kiwandani huzipiga mvuke wa moto kwanza ili kukiua, ndipo huzipitisha kwenye rola na kuzibana zikawa bapa. Lakini mvuke hauchagui. Unaua pia vimeng'enya ambavyo vingeweza kukata wanga. Zile za kuiva haraka, zilizokatwa ndogondogo na kubanwa nyembamba, ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu huachia wanga wake mara moja. Ukiwa na hiari, nunua zenye vipande vikubwa.

Sasa, kama ni hivyo, mbona maziwa ya oti ya boksi unayatia kwenye chai ya moto na hayawi uji? Tena ukiyaonja yana utamu, na kwenye orodha ya viambato hakuna sukari.

Jibu lake lilitoka Lund, mji wa chuo kikuu kusini mwa Uswidi. Huko mtafiti wa chakula Rickard Öste alikuwa akitafuta kinywaji cha watu ambao tumbo lao halikubali laktosi, sukari ya maziwa ya ng'ombe. Katika miaka ya 1990 mwanzoni, yeye na wenzake walipata njia ya kusaga oti na maji kisha kutia vimeng'enya vya kukata wanga, na mwaka 1994 ikaanzishwa kampuni ambayo leo inajulikana kwa jina la Oatly. Kimeng'enya kinachofanya kazi kubwa ni amilesi. Ule wavu wa wanga niliousema, amilesi inaukata nyuzi kwa nyuzi. Wavu ukikatika, maji yanaachiwa, na kilichokuwa uji kinakuwa kinywaji. Vipande vidogo vinavyobaki, hasa maltosi, ni sukari. Utamu umetoka humo humo ndani ya oti.

Amilesi huna haja ya kuifuata Uswidi. Unayo mdomoni. Chukua tonge la ugali mkavu, bila mboga, ulitafune dakika nzima bila kumeza. Litaanza kuwa na utamu. Ni mate yako yanaukata wanga.

Na unayo jikoni, au angalau bibi alikuwa nayo. Mpika togwa wa Songea akisoma habari za Lund hatashangaa sana. Anapika uji mzito, anauacha upoe kiasi, anatia kimea cha ulezi, anakoroga, na uji uliokuwa umeshikilia mwiko unalegea mbele ya macho yake mpaka unamiminika. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Punje inapochipua, mche mchanga ulio ndani unahitaji chakula, na chakula chake ni ule wanga uliohifadhiwa. Kwa hiyo punje yenyewe inatengeneza amilesi ya kuuvunja. Sisi tunaukausha mche, tunabaki na amilesi. Shayiri iliyooteshwa ya kutengenezea bia inafanya jambo hilo hilo.

Wataalamu wa lishe Tanzania waliliona hili mapema. Mtoto ana tumbo dogo: uji mzito hawezi kuumeza, uji mwepesi ni maji matupu. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu uji wa watoto uliolegezwa kwa unga wa nafaka iliyooteshwa, na baadaye wakafuatilia namna watoto walivyoupokea katika kijiji cha Luganga. Unatia unga mwingi, unaweka kimea kidogo, mtoto anakunywa uji mwepesi wenye shibe ya uji mzito. Svanberg ni Mswidi pia. Sisemi kwamba maziwa ya boksi yalizaliwa na uji wa Luganga, ila ukishajua hilo, bei ya lile boksi unaitazama kwa jicho jingine.

Kwa hiyo njia ni mbili, na uchague kwa kuangalia utakachofanyia maziwa yenyewe.

Kama ni ya kunywa baridi au ya kumimina juu ya matunda, huhitaji kimea. Kikombe kimoja cha oti, vikombe vinne vya maji kutoka kwenye friji, chumvi kidogo sana. Usiloweke. Saga sekunde 30, si zaidi, chuja bila kukamua, acha yadondoke yenyewe. Yaweke kwenye friji saa moja utaona tabaka jeupe limetuama chini: huo ni wanga. Mimina ya juu taratibu, uache tabaka hilo. Yatakaa siku tatu au nne, na kila ukitaka kunywa yatikise, maana hayana kitu cha kuyashikamanisha kama ya kiwandani.

Kama ni ya chai, ya sisi tunaochemsha majani na maziwa pamoja, hapo lete kimea. Cha ulezi ndicho ninachotumia. Ukitaka kuotesha mwenyewe, loweka ulezi usiku kucha, chuja, tandaza juu ya kitambaa chenye unyevu, ufunike siku mbili au tatu mpaka uchipue, anika juani ukauke kabisa, kisha pukuta vichipukizi na mizizi kabla ya kusaga. Usiruke hatua ya kupukuta, hasa ukitumia mtama: vichipukizi vya mtama vina durini, kitu ambacho huweza kutoa sumu ya sianidi.

Ugumu wa njia hii ni joto. Chini ya nyuzi 60 wanga haujafunguka vizuri; karibu na mchemko, amilesi inakufa. Unataka 60 na ushee, na wengi wetu hatuna kipimajoto jikoni. Mimi nafanya hesabu ya kiswahiliswahili: maji yaliyochemka sasa hivi na maji ya bombani, kiasi sawa. Kwenye joto la Dar es Salaam, maji ya bomba yakiwa nyuzi 28 hivi, mchanganyiko unaangukia humo humo. Ukiwa Arusha au Nairobi, ambako maji ya bomba ni baridi zaidi na hata mchemko wenyewe hauvuki nyuzi 95 na kitu, zidisha ya moto kidogo.

Basi: saga kikombe cha oti na vikombe viwili vya maji ya bombani, sekunde 30. Mimina kwenye bakuli, ongeza vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga. Utaona yanaanza kuwa mazito. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Tia vijiko viwili vya chai vya kimea, koroga tena, kisha mimina yote kwenye chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji ya moto, funga, acha nusu saa. Chupa ya chai ndiyo mtambo wetu wa kiwandani. Ukifungua, chovya kijiko: kile kizito kimelegea, na ukionja kuna utamu ambao hukuutia. Chuja, kisha chemsha dakika chache. Kuchemsha kuna kazi mbili. Kunaizima amilesi, na kunaua wadudu waliokuja na kimea, maana nafaka iliyokaa siku tatu kwenye unyevu haikukaa peke yake.

Rangi yake haitakuwa nyeupe ya ng'ombe. Kimea cha ulezi kinaipeleka kwenye kahawia hafifu, na ladha ina harufu ya mbali ya togwa. Mimi naipenda. Mama anasema inavumilika, na kwake hiyo ni sifa.

Ute kidogo utabaki, kwa sababu amilesi inakata wanga tu, beta-glukani haiigusi. Nilikuwa nikiuonea kinyaa mpaka nilipojua kwamba ndio wenye faida: mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu bidhaa za oti ziandikwe kwamba nyuzi hizi, gramu 3 kwa siku ndani ya mlo wenye mafuta yanayoganda na kolesteroli kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kuwa zinashusha kolesteroli.

Upande wa pili ni ile maltosi. Haitiwi kwa kijiko, lakini ni sukari, na hupanda kwenye damu haraka. Marekani lebo za maziwa haya huihesabu kama sukari iliyoongezwa. Mwenye kisukari atumie ile njia ya baridi. Tena jina la maziwa lisitupoteze. Ya ng'ombe yana karibu gramu 3.3 za protini na miligramu 120 za kalisi kwa kila mililita 100. Haya ya kwetu hayafiki hata nusu ya protini hiyo, kalisi yake ni kidogo sana, na vitamini B12 hayana. Ya boksi huongezewa kalisi, vitamini na mafuta ya mbegu kiwandani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe badala ya maziwa ya mama au ya kopo.

Machicha usiyatupe. Yachanganye na unga wa ngano, yai, iliki na sukari kidogo, ukoroge yawe mepesi, upike chapati za maji. Ule utelezi wa oti unazifanya ziwe laini na zisikatike ukigeuza, ila punguza moto, maana yale ya kimea yana sukari na huungua upesi.