Mgando ni mmoja, shungi ni jingine

Juzi nimesikia tena mtu akimwelekeza mwenzake: tia shabu kwenye ndoo, koroga kwa nguvu mpaka maji yatakate. Atakoroga mpaka kesho.

Yanayotokea ndani ya ndoo ni mambo mawili. Koagulesheni ni kufuta chaji ya umeme: chembe za udongo zina chaji hasi, hufukuzana na kubaki zikielea, na aluminiamu ya kwenye shabu huipunguza chaji hiyo. Flokulesheni ni chembe hizo, zikishaacha kufukuzana, kugongana na kunatana mpaka ziwe madonge yanayozama. Basi.

Kinachonikera ni kuyaita yote mawili “kuganda”. La kwanza, sawa: neno lake la Kilatini, coagulum, ni kile kinachogandishia maziwa, kwa hiyo mgando ni mgando. La pili limetoka kwenye floccus, yaani kishungi cha sufu. Tazama glasi ya maji yaliyotiwa shabu dhidi ya mwanga, utaviona: vishungi kama pamba ya msufi, vimelegea, vimejaa maji katikati. Na shungi, tofauti na mtindi, huchambuka.

Ndiyo maana mkono hubadilika. Shabu humaliza kazi yake na maji upesi mno, hivyo mwanzoni lazima isambazwe kwa kasi kabla haijaishia kona moja. Mitambo mingi ya kusafisha maji huipa dakika moja au pungufu. Baada ya hapo mapanga ya kukorogea huzunguka kivivu, dakika 20 hadi 30. Mwanafizikia wa Kipolandi, Smoluchowski, alishaonyesha mwaka 1917 kwamba chembe kubwa kidogo hugongana kwa sababu tabaka moja la maji linalipita jingine. Watu huishia hapo: kumbe tukizidisha kasi, zitagongana zaidi! Kweli, zitagongana. Lakini tofauti ileile ya kasi hulivuta shungi huku na huku mpaka likatike, na shungi la shabu likishakatika halirudii ukubwa wake wote. Kadiri madonge yanavyokua, ndivyo yanavyotaka upole.

Kwa hiyo yule ndugu hakukosea shabu wala kukoroga. Angekoroga kwa nguvu dakika ya kwanza tu, kisha polepole kiasi cha kuyaona madonge yakizunguka bila kukatika, halafu aweke mwiko pembeni. Na klorini bado inahitajika. Kutakata si kufa kwa vijidudu, ila huo ni ugomvi wa siku nyingine.