Tirukkural haikutoka kwa Watamil kupitia Kiingereza

Wengi husema kitabu cha Tirukkural, hazina ya maadili ya Watamil wa kusini mwa India inayohusishwa na mshairi Tiruvalluvar, kilifunguliwa mlango wa kusomwa na wasio Watamil na Mwingereza G. U. Pope. Tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1886 ni maarufu kweli, ila alichelewa mno. Majirani wa Watamil huko Kerala walikuwa nacho kwa lugha yao, Kimalayalam, tangu 1595. Padri Mjesuti kutoka Italia, Constanzo Beschi, akakitafsiri kwa Kilatini mwaka 1730. Kijerumani nacho kilitangulia, kwa mkono wa Karl Graul, 1856.

Beschi ndiye anayenivutia zaidi, kwa kile alichokiacha. Kitabu kina beti 1,330 katika sura 133: 38 za uadilifu, 70 za mali na utawala, 25 za mapenzi. Yeye alitafsiri sehemu mbili za kwanza tu. Sura za mapenzi, zenye mke anayemnunia mumewe na mpenzi anayekonda kwa kungoja, padri akazipita kimya. Kwa hiyo anayedhani Tirukkural ni mawaidha matupu huenda amesoma nakala iliyokatwa mkia.

Na ugumu wenyewe? Kila ubeti una mistari miwili: maneno manne juu, matatu chini. Anayejua adha ya kubana wazo ndani ya mizani nane za shairi letu ataelewa. Pope alilazimisha vina vya Kiingereza, na mahali pengine vinasikika kama viatu vya kuazima.