Mkuu wa mipango ya usafiri wa jiji: tunavyodhani Mtwara, na ilivyo

Vijana wawili wa mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara, wameniuliza mwaka huu wasome nini ili siku moja waongoze mipango ya usafiri ya jiji kubwa kama Dar es Salaam. Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, nikianzia chini kabisa, kuhesabu abiria vituoni. Ila maswali yao yalikuwa na mambo ambayo nayasikia hata kwa watu wazima, kijiweni na maofisini. Nayaandika hapa, kila moja na jibu lake.

"Hiyo ni kazi ya mhandisi wa barabara"

Mhandisi tunamhitaji sana, lakini zamu yake inakuja baadaye. Mtu wa mipango anaanza na maswali: watu wanalala wapi, wanafanya kazi wapi, watoto wanasoma wapi, hospitali iko upande gani, na baada ya miaka 20 makazi yatakuwa yamesogea wapi. Jibu linaweza kuwa barabara. Linaweza pia kuwa kivuko, kituo chenye kivuli, njia ya waenda kwa miguu, au shule ijengwe karibu ili watoto wasihitaji gari kabisa.

"Mkuu akiamuru, wengine wanatekeleza"

Hili ndilo linalowavunja moyo wengi wakishaingia kazini. Chukua Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala wa taifa, TANROADS. Za mitaa na wilaya ni za wakala mwingine, TARURA, iliyoanza 2017. Leseni za daladala na nauli ni za mamlaka ya LATRA. Mwendokasi una wakala wake, DART. Ukija kwenye ardhi unakutana na wilaya tano, kila moja na halmashauri yake: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Na bado kuna wanaolala Kibaha na Mkuranga, ambako ni mkoa wa Pwani, na kila asubuhi wanaamkia Kariakoo. Abiria haioni mipaka hiyo yote. Anachokiona ni kwamba ameshuka gari moja na la pili halipo.

Anayeongoza mipango ya eneo la namna hiyo hana amri juu ya wote hao. Alichonacho ni takwimu zinazoaminika na uvumilivu wa vikao. Marekani waliliwekea jambo hili sheria mwaka 1962: eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 lazima liwe na mipango ya usafiri ya pamoja na ya kudumu ndipo lipate fedha za barabara za serikali kuu. Leo mipango hiyo hutazama angalau miaka 20 mbele, na hupitiwa upya kila baada ya miaka 4 au 5. Kwa hiyo hata ile imani kwamba mpango unaandikwa mara moja, unazinduliwa kwa ngoma na kufungiwa kabatini, haina msingi.

"Panua barabara, foleni itaisha"

Huko Houston, Marekani, waliipanua barabara iitwayo Katy Freeway, kazi ikakamilika 2008. Kuna sehemu ilifika njia zaidi ya 20 ukijumlisha na zile za pembeni. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari kwenye saa za msongamano ulirefuka tena. Sababu si uchawi. Aliyekuwa akiondoka alfajiri kukwepa foleni sasa anaondoka saa moja. Aliyekuwa akipanda basi anatoa gari lake. Wengine wanahamia mbali zaidi kwa kuwa barabara ipo. Nafasi mpya inajaa.

Sisemi tusipanue. Nasema upana peke yake hautoshi, na ndiyo maana njia ya mwendokasi ya Kimara hadi mjini, iliyoanza kazi Mei 2016, ilitengewa nafasi ambayo gari dogo haliruhusiwi kuingia.

"Kazi yenyewe ni kuhesabu magari"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi ya mipango yanaanzia hapa.

Alfajiri moja nikiwa likizo nyumbani, nilikaa upande wa mjini, pale kivuko kinachotoka Msangamkuu, ng'ambo ya maji, kinaposhusha watu. Nilikuwa na daftari, nikihesabu kwa vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinakatiza. Ukurasa wa magari haukufika nusu. Ukurasa wa watu ulijaa, nikafungua mwingine, nao ukajaa.

Akashuka mama mmoja na ndoo ya samaki kichwani, juu yake kipande cha kanga kilicholowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaandika nini? Ushuru mwingine huo?"

Nilipomweleza, akaitua ndoo. Akaniambia anapanda bajaji mpaka sokoni, na dereva akiona samaki anamtaka alipie watu wawili, eti kiti kitanuka. Akishauza anakwenda Ligula hospitali kumwona binti yake aliyelazwa, kwa miguu, maana hela ya bajaji ya pili ni ya mchele. Anarudi sokoni kuchukua mchele, kisha anawahi kivuko.

Nilihesabu safari zake kwa vidole, pamoja na kuvuka kuja na kurudi: zilikuwa sita, na mbili kati ya hizo ni za miguu juani. Kwenye hesabu ya magari mama yule hayupo kabisa. Hayupo pia kwenye mpango unaojua safari moja tu ya asubuhi kwenda ofisini na moja ya jioni kurudi. Tangu siku hiyo, ripoti ya magari peke yake ikiletwa mezani kwangu, nairudisha.

"Bajaji na bodaboda ni vurugu, waondolewe kwanza"

Ndio wanaomfikisha mtu mlangoni kwake. Lagos, Nigeria, waliunda chombo cha usafiri wa jiji zima mwaka 2002, kinaitwa LAMATA. Mabasi ya njia maalumu yalipoanza 2008, waendeshaji wa kwanza walitoka kwenye chama cha madereva wa mabasi madogo ya huko wenyewe. Waliitwa mezani kabla ya kuitwa wakorofi. Hapa kwetu bajaji wanahitaji maegesho yanayoeleweka karibu na kivuko, soko na hospitali.

"Mambo hayo ni ya majiji, Mtwara tuna nafasi"

Tuna kata inayoitwa Reli, na treni hakuna. Reli ilikuwepo. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, ikafika Nachingwea. Bandari yetu nayo ni mtoto wa mradi huohuo. Karanga zilishindwa, mradi ukavunjwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Walipanga njia kwa kutegemea mzigo mmoja. Bandari imepona kwa sababu ilipata mizigo mingine, na leo inasafirisha korosho.

Halafu kumbukeni Mei 2024. Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, mabasi yakakwama Somanga. Aliyelazimika kusafiri alizunguka Masasi, Tunduru, Songea, safari ndefu zaidi ya mara mbili. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, lilitutoa kwenye shida ya kivuko cha Rufiji, nasi tukaona kusini kumefunguka. Lakini njia ya karibu ni moja. Kuuliza "ikikatika hii, tutapita wapi?" ndiyo mipango ya usafiri, na mji wa watu wasiofika laki mbili una haki ya kuuliza sawasawa na jiji la mamilioni. Kwetu ni nafuu hata kuuliza mapema, kwa sababu kutenga eneo la njia kuelekea Mikindani au Naliendele leo ni rahisi kuliko kulipa fidia za nyumba baadaye.

Wale vijana wawili nimewaambia Jumamosi wanikute kivukoni saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na daftari lake.