Kompyuta na data kwenye somo la aljebra: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Sayansi ya data ikiingia, aljebra inatoka."

Hofu hii imewagawa hata wasomi. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha California, Marekani, kilianza kukubali kozi za sayansi ya data badala ya Aljebra II (kozi ya pili ya aljebra ya sekondari) kwa wanaoomba kujiunga. Julai 2023 kamati ya maprofesa inayosimamia vigezo vya udahili ikabadili msimamo, kwa kuwa baadhi ya kozi hizo zilikuwa na aljebra kiduchu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba data inaweza kusimama bila aljebra.

Jaribu na nukta tatu tu: (1, 3), (2, 5) na (3, 5). Tunatafuta mstari y = mx unaozikaribia zaidi. Tofauti ya wima kati ya kila nukta na mstari ni 3 − m, 5 − 2m na 5 − 3m. Kila moja ipandishe kwa kipeo cha pili, kisha jumlisha. Unapata 14m² − 56m + 59. Kamilisha mraba: 14(m − 2)² + 3. Kwa hiyo m ni 2, na jumla hiyo ya miraba ya makosa haishuki chini ya 3 hata ufanyeje. Hapo mwanafunzi ametumia kufungua mabano, kukusanya istilahi na kukamilisha mraba, na safari hii kuna sababu ya kufanya hivyo.

Sasa ziingize nukta hizohizo kwenye Excel, chora grafu ya nukta, ongeza mstari wa mwelekeo na uombe mlinganyo wake. Itakuletea y = x + 2.3333. Darasa zima litadhani limekosea. Halijakosea: Excel isipoambiwa vingine hutafuta y = mx + c, wakati sisi tuliulazimisha mstari upite kwenye (0, 0). Weka alama kwenye chaguo la kuufanya mkato (ile c, mahali mstari unapokata mhimili wa y) kuwa 0, na ile 2 itarudi. Mwalimu asikimbilie kulirekebisha hilo kimyakimya. Waache wabishane kwanza kuhusu maana ya c. Data halisi, tuseme nukta 40, ije baada ya hapo. Anayeanzia kwenye Excel hupata jibu asiloweza kulihoji.

"Lugha yoyote ya programu itafaa."

Kwa aljebra, hapana. Katika Python, `x = x + 1` ni amri halali: chukua thamani ya x, ongeza 1, ihifadhi upya. Kwenye daftari, sentensi hiyohiyo ukiiondolea x pande zote inabaki 0 = 1. Mwanafunzi ambaye bado anahangaika na alama ya usawa atatoka amechanganyikiwa zaidi. Ndiyo maana Bootstrap:Algebra, mradi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wa kufundisha aljebra kwa kuandika programu, unatumia lugha ambazo fankisheni zake hufanya kazi kama ya hisabati: ukiipa ingizo lilelile, inarudisha tokeo lilelile.

Utaratibu wa mradi huo unafaa hata kama utabaki na Python, mradi ukwepe kubadili thamani ya herufi katikati ya njia. Tuseme nauli ni shilingi 1,000 za kuanzia na 500 kwa kila kilomita. Kwanza andika aina ya ingizo na tokeo: namba inaingia, namba inatoka. Pili, mifano miwili bila kukokotoa:

nauli(2) = 1000 + 500 × 2
nauli(7) = 1000 + 500 × 7

Tatu, zungushia kilichobadilika na ukipe jina: nauli(km) = 1000 + 500 × km. Wanaoruka mifano, na ndio wengi, hukwama hapo kwenye kuchagua herufi.

"Kompyuta haikosei."

Andika `=-3^2` kwenye Excel, utapata 9. Andika `-3**2` kwenye Python (`**` ni alama yake ya kipeo), utapata −9. Excel hushughulikia alama ya hasi kwanza. Python hufuata kanuni ya darasani na kuanza na kipeo. Na ukiuliza Python kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3, itakataa, kwa sababu moja ya kumi haina mwisho katika mfumo wa namba wa kompyuta. Usilinganishe desimali kwa usawa. Pima kama tofauti ni ndogo kuliko 0.000001.

"Wastani na mlinganyo vinatosha, grafu ni pambo."

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha mafungu manne ya nukta 11 kila moja. Yote yana wastani wa x wa 9, wastani wa y wa takriban 7.5, na mstari y = 3 + 0.5x. Ukiyachora, moja linapinda na jingine limevutwa na nukta moja iliyojitenga.

"Ni mtindo mpya wa juzijuzi."

Lugha ya programu ya Logo ilibuniwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto kujifunzia hisabati.

"Bila maabara ya kompyuta, sahau."

Hatua zote tatu za nauli ni za karatasi na kalamu. Kompyuta moja na projekta vinatosha kwa kujaribu majibu, na Excel haihitaji intaneti. Mashine zikiwepo, weka wawili kwa moja: mmoja aandike, mwingine asome fomula kwa sauti, wabadilishane baada ya kila swali. Kipindi cha dakika 40 huliwa zaidi na kuwasha mashine na kutafuta mafaili, kwa hiyo faili la data liwe limeshanakiliwa kabla ya kengele.