Mlio wa freni: acheni kuzisingizia plaketi

Jumatatu asubuhi, hata ovaroli sijaifunga vifungo, papa mmoja wa teksi (papa ni baba, ndivyo tunavyoita hapa Goma) anaingiza Toyota yake garajini: "Fundi, freni zinalia. Plaketi zimekwisha, nitilie mpya." Boksi keshalinunua sokoni Birere, analo mkononi. Nang'oa gurudumu, napima unene wa plaketi, zile pedi zinazobana diski ili gari lisimame: milimita nane. Plaketi za mwezi uliopita! Alitiliwa na fundi mwingine kwa sababu hiihii, zikanyamaza siku nne, zikaanza tena.

Ni wa tano mwezi huu. Basi naandika, ili wa sita akija nimpe simu asome, mimi ninywe chai yangu.

Kinacholia ni mtikisiko. Plaketi ikibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, haitelezi kwa ulaini: inanata, inaachia, inanata, inaachia, mara elfu na zaidi kwa sekunde, na diski inaitika kama kengele. Lowesha kidole, kizungushe kwenye mdomo wa glasi. Ni ukoo mmoja. Kwa hiyo plaketi nene inaweza kulia na nyembamba ikanyamaza kimya kabisa.

Upo mlio unaosema kweli zimekwisha. Ni wa kile kijibati kilichopachikwa ubavuni mwa plaketi, kinachogusa diski zikibaki milimita mbili au tatu. Huo mara nyingi unausikia gari likitembea tu, na ukikanyaga unabadilika au unakatika. Plaketi nyingi za bei ya chini hazina kijibati hicho, kwa hiyo usikae ukikingoja. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, simama hapo ulipo. Mlio wa asubuhi baada ya mvua ni kutu ya usiku mmoja, unaisha kabla hujafika mzunguko wa Signers. Tuendelee.

Sasa ugonjwa wenyewe. Sisi wa Goma tunaishi juu ya lava. Vumbi letu jeusi ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu, na linakwaruza kama msasa. Linaingia kwenye etriye, ile koleo inayozikaza plaketi, linachanganyika na grisi kuukuu, linakuwa uji mgumu, na kolonneti, zile pini ambazo etriye huteleza juu yake, zinakwama. Etriye isipoteleza kwenye kolonneti, plaketi ya ndani inafanya kazi ya mbili. Inaliwa upande, inakaa mshazari, inatikisika, inalia. Tia plaketi mpya juu ya kolonneti zilizokwama: siku nne, tumeshaona. Tena wewe unachungulia kupitia tundu za rimu, unaona plaketi ya nje nene, unajipongeza, kumbe ya ndani imebaki karatasi.

Dawa inachosha mikono, si mfuko. Chomoa kolonneti, zisugue, zipake grisi ya silikoni. Si ile ya beringi, jamani! Ile inavimbisha mpira, na baada ya muda kolonneti zinakwama kuliko mwanzo. Safisha mahali masikio ya plaketi yanapokalia. Rudisha vile vibati vya mgongoni mwa plaketi, ambavyo mafundi wengi huvitupa kwa kuwa "havina kazi". Kazi yake ni hiyohiyo, kuua mtikisiko. Mgongoni mwa plaketi paka grisi inayostahimili joto kali, nyembamba mno. Na vumbi usilipulize kwa kompresa, una mapafu mawili tu.

Kuna anayeniambia, "Weka tu mafuta kidogo kwenye diski." Papa, mafuta yatanyamazisha freni, na gari halitasimama. Hata chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, hupunguza mwendo kwa mpira mkavu unaokanyagwa juu ya gurudumu, na hakuna mwenye chukudu anayeupaka mafuta.

Wanaoteremka kutoka Mushaki hadi Sake na mzigo wa viazi wana kesi yao. Wanashikilia freni mteremko mzima badala ya kurudisha gia ndogo, plaketi zinapikwa, uso unang'aa kama kioo. Msasa kidogo unaweza kuziokoa, ila zikishaungua hasa zitupe. Mpya nazo zizoeshe: toka kilomita 50 kwa saa hadi 10, bila kusimama kabisa, mara 20 hivi, ukiziachia zipoe katikati. Njia ya kufanyia hayo humu mjini uitafute mwenyewe, alfajiri.

Sasa niseme lisilopendeza. Nimewahi kufanya yote haya na freni zikaendelea kulia. Magari mawili ya mfano mmoja, plaketi za boksi moja, moja linaimba, jingine bubu. Hata wahandisi wenye kompyuta zao hawawezi kutabiri kwa uhakika freni ipi italia. Mimi nikishindwa napiga tupa kingo za plaketi ziwe mshazari kidogo, na mara nyingi zinanyamaza. Kwa nini? Maelezo ninayo mawili, na hayapatani.

Yule papa wa Jumatatu alikuta kolonneti ya upande wa kulia imeshikana hadi nikaitoa kwa nyundo. Saa moja na nusu ya kazi. Jioni gari lilikuwa kimya, akalizungusha mara mbili, akarudi akitabasamu, halafu akataka kunilipa nusu, "kwa sababu hukutia kitu kipya." Boksi lake ameliacha kwenye rafu yangu, eti nimtunzie mpaka zitakapolia tena.