Je, wajua kwa nini mabomba yanayoenea kwenye mchoro hukataa kuenea darini?

Mwaka 2011 kampuni ya bima ya XL ilieleza hadharani kesi moja ya Marekani. Chuo kikuu kimoja, ambacho hakikutajwa jina, kilikuwa kinajenga jengo la maabara za sayansi ya viumbe. Msanifu majengo na mhandisi wa mifumo ya maji, hewa na umeme walichora kila bomba na kila dakti, yaani mfereji wa bati wa kupitishia hewa, ndani ya modeli ya kompyuta, na vyote vikaenea juu ya dari. Mkandarasi akaanza kufunga. Alipofika kama asilimia 70 ya kazi, nafasi ikamwishia. Akamshtaki mwenye jengo, mwenye jengo akamshtaki msanifu, msanifu akamvuta mhandisi, na shauri likamalizwa kwa mapatano ya mamilioni ya dola.

Ukisikia hivyo, wazo la kwanza ni kwamba kuna aliyekosea vipimo. Ndivyo wengi tunavyoamini: modeli ikishakaguliwa na kompyuta isionyeshe mgongano hata mmoja, basi kazi iliyobaki ni ya fundi kufuata mchoro. Imani hii ni ngumu kung'oka kwa sababu ina nusu ya ukweli. Kompyuta kweli hukamata bomba linalopita ndani ya boriti. Lakini swali inalojibu ni moja tu: je, vitu hivi viwili vimekalia mahali pamoja? Haijiulizi kitu hicho kitapitia wapi hadi kifike pale, wala nani awe ametangulia. Katika kesi ile nafasi ilikuwepo, ila ilikuwepo kwa mpangilio mmoja tu wa kufunga, na mpangilio huo mkandarasi hakuambiwa.

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda cha sita kwa sita na kabati la milango mitatu. Kwenye karatasi vyote vinaenea na njia ya kupita inabaki. Sasa ingiza kabati kwanza, uliegemeze nyuma ya mlango pale pale mchoro ulipoonyesha. Kibao cha kichwani cha kitanda kina upana wa futi sita. Kinahitaji kuinamishwa na kuzungushwa ili kikate kona ya mlango, na sehemu ya kuzungushia imeshachukuliwa na kabati. Hakuna aliyekosea kipimo, lakini kitanda kinalala koridoni. Ukianza na kitanda, vitu vile vile vinaingia kwa dakika 20. Nafasi ya kukaa ni jambo moja, nafasi ya kuingilia ni jambo lingine, na hii ya pili hutoweka kidogo kidogo kila kitu kipya kinapofungwa.

Juu ya dari ya jengo la maabara hali ni hiyo hiyo, tena imekazwa zaidi, kwa sababu maabara ina hewa nyingi. Kabati la kufyonzea mvuke wa kemikali, lenye mdomo wa mita 1.5 uliofunguliwa nusu mita, kwa kawaida huvuta hewa kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Hiyo ni mita za ujazo 0.375 kila sekunde, au 1,350 kwa saa. Makabati sita yanafika 2.25 kwa sekunde. Ukitaka hewa hiyo iende kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, unahitaji dakti ya milimita 600 kwa 500.

Tuseme chini ya boriti hadi dari kuna milimita 900. Bomba la maji taka la milimita 110 linatoka kwenye masinki ya ghorofa ya juu na kusafiri mita 24 hadi kwenye shimo la mabomba ya wima. Kwa mteremko wa 1 kwa 80, yaani kushuka mita 1 kila mita 80, linashuka milimita 300. Kwa 1 kwa 40 linashuka 600. Tuchukue ule mpole. Mwanzoni mwa safari bomba limebana juu, na dakti ya 500 inapita chini yake bila shida. Mwishoni tumbo la bomba liko milimita 410 kutoka juu. Ukiipitisha dakti chini yake unahitaji 910, na hapo hujahesabu vyuma vya kuning'inizia wala sponji ya kuhami. Ukiipitisha juu ya bomba, kuna pengo la 300 tu. Kwa hiyo viwili hivi vinaweza kupishana katika sehemu ya mwanzo ya njia, na mwishoni haiwezekani kwa dakti ya umbo hilo.

Je, nani ampishe mwenzake? Jibu la haraka ni kwamba dakti ipewe njia kwanza kwa kuwa ni kubwa. Kumbe kanuni inayotumika sana ni nyingine: asiyeweza kupinda hupishwa na anayeweza. Maji taka hayapandi mlima, hivyo bomba lake hupangiwa njia kabla ya mengine. Dakti hufuata, maana inaweza kubadilishwa umbo: badala ya 600 kwa 500 ikawa 1,000 kwa 300, ingawa inakula bati zaidi na msuguano unaongezeka. Mabomba yenye shinikizo, kama ya maji ya baridi ya viyoyozi na ya kuzimia moto, hupanda na kushuka. Umeme huja mwisho kwa sababu waya unakubali kona karibu yoyote. Kanuni hii ina mipaka yake: nyaya nene za kulishia mashine za karakana hazipindi kirahisi na hustahili kusogezwa mbele.

Lakini zamu ya kupangiwa njia si lazima iwe zamu ya kufunga. Darini, kinachokaa juu kabisa ndicho hufungwa kwanza. Pale bomba la maji taka linapopita juu ya dakti, fundi bomba atangulie. Tatizo ni kwamba timu ya dakti hupenda kuanza mapema, kwa vile vipande vyao ni vikubwa na wanataka sakafu iliyo wazi. Wakishafunga, bomba la mita 6 halina pa kuinamia ili lipenyezwe juu yao. Fundi atalikata vipande, kila kipande kinaongeza kiungo, na kila kiungo ni mahali pengine pa kuvuja juu ya mashine ya gharama.

Kuna pia vitu ambavyo modeli husahau kuvichora. Pwani, bomba la maji ya nyuzi 7 hutoka jasho lisipovikwa vizuri; la chuma lenye milimita 114 likivikwa sponji ya milimita 40 linakuwa na 194. Kuna mkono wenye spana, mlango wa kufikia valvu, na nafasi ya kulazia nyaya juu ya trei. Na zege nalo: boriti iliyomwagwa chini kwa milimita 15 kuliko mchoro ni jambo la kawaida, na milimita hizo hutolewa kwenye zile 900.

Ndiyo maana siku hizi mafundi wakuu huitwa mezani wakati mchoro bado unabadilika. Katika mfano wetu, fundi bomba ndiye atakayeomba shimo la pili la wima katikati, ili safari iwe mita 12 na mshuko 150. Hapo tumbo la bomba linabaki 260, na chini yake kuna 640 za kutosha dakti. Ombi hilo linamgusa msanifu, maana shimo linamega eneo la maabara, mhandisi wa miundo anayetoboa slabu, na fundi sanifu wa maabara anayejua mashine gani haihamishiki. Likiletwa kabla ya zege ni mistari michache. Likiletwa baadaye ni kukata zege penye nondo.

Baada ya njia hupangwa zamu, na hapa hesabu huanzia mwisho. Ukutani hubandikwa tarehe ya kufunga dari, kisha kila timu inabandika karatasi za rangi yake kuelekea nyuma: kazi gani, watu wangapi, siku ngapi, na inahitaji nani awe amemaliza. Glenn Ballard na Greg Howell, waliouendeleza mfumo huu Marekani miaka ya 1990, walikuta kwamba katika miradi waliyoipima ni kama asilimia 54 tu ya kazi zilizoahidiwa kwa wiki zilizokamilika ndani ya wiki hiyo. Takwimu za kiasi ambacho mfumo huu unadaiwa kuokoa, zinazotajwa tangu hapo, zichukuliwe kwa tahadhari, kwani jengo moja halijengwi mara mbili ili zilinganishwe.

Karatasi ya mwisho ukutani ni ya fundi wa dari. Inayoitangulia ni ya jaribio la bomba la maji taka, linalojazwa maji na kuachwa huku mtu akipita na tochi akikagua kila kiungo. Jaribio hilo lisipoandikiwa siku yake, wa dari huwa ameshafika.