Jarida la Kiprotestanti ni lipi hasa?

Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno, na sasa naona afadhali nilieleze. Mtu anatangaza kwamba anauza, au amerithi, "jarida la Kiprotestanti la karne ya 19". Ukilitazama unakuta ni Church Missionary Intelligencer, jarida la Church Missionary Society (CMS), chama cha umisionari cha Waanglikana, lililoanza kutoka London mwaka 1849, lile lililochapisha habari za mmisionari Rebmann kuuona mlima Kilimanjaro wenye theluji. Ni chapisho la thamani kubwa, na sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulionea fahari. Waliolitoa walikuwa Waprotestanti, hilo halina ubishi. Lakini kwa lugha ya wakusanyaji, hilo si jarida la Kiprotestanti.

Kwa maana wanayoitumia wakusanyaji na wauza vitabu vya kale, jarida la Kiprotestanti ni chapisho la mfululizo, la kila wiki au kila mwezi, lililoanzishwa makusudi kubishana na Kanisa Katoliki la Roma: mafundisho yake, mapapa wake, watawa wake, na nguvu yake katika siasa. Mengi yalitoka Uingereza, Uskoti, Ireland na Marekani, kuanzia miaka ya 1670 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachowapotosha watu ni jina.

Ukiuliza Mprotestanti maana yake nini, utajibiwa haraka: mpingaji. Anayejua Kiingereza ataongeza kwamba limetokana na neno la kuandamana na kulalamika, kwa hiyo Waprotestanti ni waandamanaji wa zamani waliomgomea Papa. Maelezo haya yamerudiwa mashuleni, makanisani na hata katika vitabu vya mafundisho ya kipaimara, na yameacha nje nusu ya jambo, tena nusu iliyo bora.

Jina hili halikuzaliwa Wittenberg mwaka 1517, Martin Luther alipoanza kubishana na Roma, wala Luther hakulibuni. Lilizaliwa katika mji wa Speyer, Ujerumani, Aprili 1529, ndani ya baraza la watawala wa Dola Takatifu la Kirumi. Mwaka 1526 baraza kama hilo, katika mji huohuo, lilikuwa limemwachia kila mtawala aendeshe mambo ya dini katika nchi yake kwa namna atakayoweza kuijibia mbele ya Mungu na mbele ya Kaisari. Mwaka 1529, chini ya Ferdinand, nduguye Kaisari Charles wa Tano, walio wengi wakaufuta uamuzi ule. Tarehe 19 Aprili walio wachache, watawala wa Saxony, Hesse na wenzao, wakatoa tamko, na miji huru 14 ikajiunga nao, Strasbourg, Nuremberg na Ulm ikiwemo. Tamko hilo kwa Kilatini liliitwa protestatio.

Ilikuwa hatua ya kisheria iliyojulikana vizuri wakati ule. Mjumbe aliyezidiwa kwa kura hakuruhusiwa kuvunja kikao wala kufanya fujo. Aliweza kusimama hadharani, akatamka kwamba hafungwi na uamuzi ule, na tamko lake likawekwa kwenye kumbukumbu. Kitenzi chake, protestari, kimeundwa kwa pro, yaani mbele za watu, na testari, yaani kushuhudia, kutokana na testis, shahidi. Na hoja yao ilikuwa hiyohiyo ya ushahidi: katika mambo ya utukufu wa Mungu na wokovu wa roho, kila mmoja atasimama mwenyewe mbele ya Mungu na kutoa hesabu yake, hawezi kujificha nyuma ya kura za wengi.

Sisemi hawakupinga. Walipinga, tena kwa gharama. Lakini kupinga kwao kulikuja kwa umbo la kushuhudia, na mlokole wa Rukungiri au Dodoma anayesimama katikati ya ibada kutoa ushuhuda yuko karibu zaidi na Speyer kuliko mtu aliyebeba bango barabarani. Wajerumani wenyewe hawakulipenda sana jina hili. Waliendelea kujiita watu wa Injili. Ndiyo maana Walutheri wa Tanzania wana "la Kiinjili" ndani ya jina la kanisa lao, KKKT, wala neno Protestanti halimo.

Mahali lilipopendwa ni Uingereza, na huko likapata kazi nyingine. Baada ya Mfalme James wa Pili, aliyekuwa Mkatoliki, kukimbia nchi mwishoni mwa 1688, kiapo cha kutawazwa kilichowekwa mwaka 1689 kilimtaka mfalme aitetee dini ya Kiprotestanti kama ilivyowekwa na sheria. Toka hapo kujiita Mprotestanti hakukuwa kutaja unakosali tu. Kulikuwa kusema uko upande gani wa katiba, wa kiti cha enzi na wa historia ya nchi. Mwanglikana, Mpresbiteri na Mbaptisti, waliokuwa na ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe, waliweza kukaa chini ya jina hilo moja pale tu walipogeukia Roma. Majarida ninayoyazungumzia yalitokana na hali hiyo.

La mwanzo kabisa linalostahili kuitwa hivyo lilitangulia kiapo kile kwa miaka kumi. Ni Weekly Pacquet of Advice from Rome la Henry Care, lililoanza London Desemba 1678, wakati mji ulipokuwa umeshikwa na hofu kwa sababu ya uongo wa Titus Oates kuhusu njama ya Wakatoliki ya kumuua Mfalme Charles wa Pili. Watu wasio na hatia waliuawa kwa uongo ule. Kila wiki Care alitoa kipande cha historia ya upapa, na nyuma yake akaweka kurasa za kejeli alizoziita Popish Courant. Mwaka 1680 mahakama ililipiga marufuku, naye akashitakiwa kwa uchochezi, lakini jarida likarudi na kuendelea hadi 1683. Miaka michache baadaye Care huyohuyo aliandika kuunga mkono sera ya James wa Pili ya uhuru wa dini, mfalme Mkatoliki. Anayetaka kuwaelewa watu wa mabishano aanze na Care, maana maisha yake yanakataa kuwekwa katika sanduku moja.

Mfano unaonifaa zaidi kueleza jina, hata hivyo, ni wa Glasgow. Mwaka 1818 mfanyabiashara William M'Gavin aliingia katika mabishano ya magazetini kuhusu Wakatoliki wa mji huo, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka kwa wahamiaji wa Ireland. Hakuweka jina lake. Alitia sahihi "Mprotestanti". Barua zile zikageuka jarida la kila wiki, The Protestant, lililoendelea hadi 1822. Tazama jina lilivyotumika: mtu mmoja anasimama hadharani na kusema ninashuhudia hivi. Ushahidi wake haukuwa safi wakati wote. Padri mmoja wa mji huo alimshitaki kwa kashfa, na M'Gavin akashindwa mahakamani. Tena mwaka uleule 1818 mchapishaji Mkatoliki, William Eusebius Andrews, alianzisha jarida la kumjibu kila wiki, Catholic Vindicator. Mkusanyaji mwenye The Protestant asiyekuwa na hata toleo moja la Vindicator ana nusu ya mazungumzo. Nawashauri sana wanaoanza wayatafute yote mawili pamoja, kwa sababu upande mmoja peke yake humfanya msomaji aamini kwamba hapakuwa na majibu, na majibu yalikuwepo, mengine makali na ya kisomi.

Majarida haya yaliibuka kwa mawimbi, na kila wimbi lina sababu yake ya kisiasa. Mwaka 1829 Wakatoliki wa Uingereza na Ireland walipewa haki ya kuingia bungeni. Mwaka 1835 kikaundwa Protestant Association, na toka 1839 kikawa na jarida lake, Protestant Magazine. Mwaka 1845 serikali iliongeza ruzuku ya seminari ya Maynooth huko Ireland. Septemba 1850 Papa Pius wa Tisa alirudisha maaskofu wa majimbo Uingereza, Wiseman akiwa Askofu Mkuu wa Westminster, na nchi ikachemka. Edinburgh ikaanzisha Scottish Reformation Society mwaka huohuo, na mwaka 1851 The Bulwark, jarida la mwezi lililohaririwa na James Begg.

Marekani ilikuwa na lake: The Protestant la New York, lililoanzishwa mwaka 1830 na George Bourne, mtu aliyepigana pia na utumwa kwa ukali uleule. Huko mambo hayakuishia kwenye karatasi. Agosti 1834 kundi la watu lilichoma moto nyumba ya watawa wa Ursula huko Charlestown, karibu na Boston. Mwaka 1836 kikatoka kitabu cha Maria Monk chenye hadithi za kutisha kuhusu nyumba ya watawa ya Montreal. Mhariri William L. Stone, Mprotestanti, alikwenda kukagua nyumba hiyo mwenyewe na akaandika kwamba madai yale ni uongo. Baadhi ya majarida yaliendelea kuyaamini. Wimbi la mwisho kubwa lilikuwa la The Menace, gazeti la mji mdogo wa Aurora, Missouri, lililoanza 1911 na kufikia nakala zaidi ya milioni moja kwa wiki.

Hapa ndipo nawaomba ndugu zangu wa pwani na bara wawe waangalifu na machapisho yetu. Msimulizi, lililotolewa Zanzibar toka 1888 na wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa (UMCA), na Habari za Mwezi la Magila, kituo chao cha bara, lililofuata katika miaka ya 1890, huwekwa mara kwa mara katika fungu la "Kiprotestanti" kwa kuwa tu si ya Wakatoliki wa Roma. UMCA ilikuwa ya Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, wenye ubani na kuungama kwa padri. Askofu wao wa Zanzibar, Frank Weston, aliwashitaki mwaka 1913 maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi baada ya mkutano wa Kikuyu, ambako walishiriki meza ya Bwana pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Kumwandikia mtu wa namna hiyo "Mprotestanti" juu ya jalada la jarida lake ni kumvika kanzu aliyoikataa hadharani.

Uganda ni habari nyingine. Huko ubishi ulikuwa wa kweli, hata ukafika kwenye bunduki pale Mengo Januari 1892, na vyama vya Waprotestanti na Wakatoliki vikaitwa kwa majina ya mataifa, Waingereza na Wafaransa. Lakini hata Ebifa la CMS la 1907 na Munno la Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, la 1911 yalikuwa kwanza magazeti ya habari na ya kufundisha. Yasome kwa ajili ya ubishi ukipenda. Usiyaite ya ubishi.

Kuna pia wanaochanganya jarida na kijitabu. Vijitabu vya kumpinga Papa ni maelfu na ni rahisi kuvipata. Jarida lina namba, tarehe, bei, na ahadi ya kurudi wiki ijayo. Ndani yake utaona mwandishi akijibiwa, akikasirika, akisahihisha, akiomba wasomaji walipe ada. Kwa hiyo matoleo moja moja yenye karatasi za jalada la nje yana maana kubwa kuliko juzuu iliyojalidiwa vizuri. Wajalidi wengi walitupa karatasi zile, na ndizo zilizobeba matangazo, majina ya mawakala na orodha za michango. Kazi ya M'Gavin ilichapwa upya mara nyingi kama kitabu cha juzuu kadhaa, hata Marekani, na nakala hizo ndizo zinazouzwa zaidi. Ni kitabu kizuri kuwa nacho, lakini si matoleo ya wiki ya Glasgow. Itazame karatasi pia. Ya matambara ya miaka ya 1820 bado hukunjika bila kukatika, wakati The Menace, ya karatasi ya magogo, hubadilika rangi ikawa kahawia na kuvunjika pembeni. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, iweke ndani ya bahasha isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje.

Basi ukipata Intelligencer, liite jarida la umisionari, na bei yake haitashuka kwa hilo. Msimulizi na Habari za Mwezi yaite ya UMCA, kama yalivyojiita. Jina "jarida la Kiprotestanti" liachie yale yaliyolibeba kwa kukusudia, kama The Protestant la Glasgow, na mtu akikuuliza lina maana gani, mwambie kwanza kushuhudia, kisha mweleze walimshuhudia nani na dhidi ya nani.